Rivabu Imegoma Kwenye Miksa: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Tatizo, Hatua kwa Hatua

Mafundi mitambo wa Arusha na Moshi wanaokwama na rivabu (reverb, efekti inayoongeza mwangwi kwenye sauti) hukwama mahali palepale. Taa ya kifaa inawaka, kebo zimechomekwa, kwaya imeshapanga mistari, lakini sauti inatoka kavu, yaani bila mwangwi. Au inatoka na mluzi. Au inatoka nyingi mno, na mhubiri haeleweki anasema nini. Hapo fundi huanza kuzungusha nobu tatu kwa pamoja, anabadilisha programu, anachomoa kebo na kuzirudisha, na baada ya robo saa hajui tena mwanzo ulikuwaje.

Njia ya rivabu ina vituo vinne: sauti inatoka kwenye miksa, inaingia kwenye kifaa, inatoka kwenye kifaa, inarudi kwenye miksa. Mara nyingi hitilafu iko kwenye kituo kimoja tu. Vikague kwa mpangilio huo, gusa kitu kimoja kwa wakati mmoja, na usivuke kituo kabla hujathibitisha kwamba ni kizima.

Hatua 12 zinazofuata ni za miksa ya analogi yenye kifaa cha rivabu cha nje. Wenye miksa yenye efekti za ndani na wenye miksa za dijitali wana sehemu zao baada ya hapo, ila nao wasiruke hatua ya 8, 9 na 10. Tenga dakika 40 kabla ya watu kuingia.

## Vitu vya kuandaa

- Hedifoni yenye jeki kubwa ya milimita 6.35, au ndogo pamoja na kiunganishi chake.
- Kebo fupi tatu za jeki kubwa ya mono, mita 1 hadi 1.5. Mbili za kazi, moja ya akiba. Jeki ya mono ina mkanda mweusi mmoja karibu na ncha. Ya stereo ina miwili.
- Maiki moja ya waya ambayo una uhakika ni nzima. Usipimie maiki isiyo na waya: betri ikichoka katikati ya kazi utatafuta tatizo lisilokuwepo.
- Tesita ya umeme.
- Tochi, tepu ya karatasi na maka peni.
- Dawa ya kusafishia nobu na jeki, ile ya kupuliza inayotumiwa na mafundi redio. Mafuta ya kulainisha kufuli hayafai. Yanakamata vumbi na kulifanya tope.
- Kijitabu cha kifaa. Kama kimepotea, pakua nakala kwenye simu ukiwa bado nyumbani.

## Hatua ya 1: Lipe tatizo jina

Ongea kwenye maiki, sikiliza, kisha andika kwenye tepu unachokisikia.

Rivabu haipo kabisa: anza hatua ya 2 na ufuate zote. Ipo lakini sauti imekuwa nyembamba, kama mtu anayeongea ndani ya pipa: hatua ya 8. Inalia, au mwangwi haukomi: hatua ya 9. Umeshusha feda (kitelezi cha kiwango cha sauti) ya mwimbaji lakini mwangwi wake unabaki: hatua ya 10. Kuna ngurumo au msasa (mlio wa shshsh): hatua ya 11. Kila kitu kinafanya kazi ila maneno hayasikiki: hatua ya 12.

## Hatua ya 2: Kinga spika kwanza

Shusha feda kuu ya miksa hadi chini na uzime amplifaya, au spika kama zina amplifaya ndani. Kuchomeka jeki kwenye njia iliyo wazi hutoa mshindo mkali, na mshindo huo hukata koili nyembamba ya twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Gharama ya twita moja inaizidi mbali kebo uliyokuwa unaijaribu.

Kazi ya hatua ya 3 hadi ya 7 ifanye kwa hedifoni. Ukiwasha tena: miksa, halafu kifaa cha rivabu, halafu amplifaya mwisho. Ukizima, amplifaya inatangulia.

## Hatua ya 3: Thibitisha umeme wa kifaa

Taa kuwaka hakutoshi. Hapa adapta ndiyo chanzo cha vifo vingi vya vifaa vya rivabu.

Geuza adapta usome maandishi yake kwa tochi. Baada ya neno OUTPUT kuna alama. Mstari wa mawimbi maana yake adapta inatoa umeme wa AC. Mstari ulionyooka wenye vijistari chini yake maana yake inatoa DC. Vifaa vingi vya rivabu vya bei ya kati, kwa mfano Alesis NanoVerb na Lexicon MPX 100, vinataka volti 9 za AC. Adapta nyingi zinazouzwa madukani ni za DC, na jeki yake inaingia vizuri tu kwenye tundu. Ukichomeka DC kwenye kifaa cha AC, kifaa hakitawaka, au kitawaka nusunusu na sauti itakuwa na makwaruzo. Ukichomeka AC kwenye kifaa cha DC, unaweza kukiunguza siku hiyohiyo.

Linganisha vitu vitatu na maandishi ya nyuma ya kifaa: aina ya umeme, volti, na ampea. Ampea za adapta ziwe sawa na zinazotakiwa au zaidi, zisipungue. Kwa DC angalia pia mchoro wa chanya na hasi kuzunguka tundu.

Pima kwa tesita. Adapta nzima ya volti 9 za AC ikiwa haijachomekwa kwenye kifaa huweza kusoma juu kidogo, 10 au 11, na hilo ni la kawaida. Ikisoma 5 au inarukaruka, imekwisha. Shikashika waya pale unapoingia kwenye jeki ndogo, ndipo unapokatikia.

Umeme wa ukutani ni volti 230. Ukikatika na kurudi kwa kishindo, kifaa cha dijitali kinaweza kuganda: taa zinawaka lakini hakuna kinachopita. Kizime, hesabu hadi 20, kiwashe. Kama unatumia jenereta, weka miksa na kifaa nyuma ya stabilaiza. Taa za mapambo na jokofu la soda zichukue laini nyingine.

Umefaulu ukiona: kioo au namba ya programu imetulia, na ukibadilisha programu namba inabadilika.

## Hatua ya 4: Hakikisha sauti kavu ni safi

Chomeka maiki chaneli ya 1. Bonyeza PFL au SOLO ya chaneli hiyo (kitufe cha kuisikiliza peke yake), vaa hedifoni, imba kwa nguvu ile ambayo mwimbaji ataimba, na ongeza GAIN (nobu ya kiwango cha sauti inayoingia) hadi mita icheze karibu na 0. Taa nyekundu isiwake. Kisha pandisha feda ya chaneli hadi alama ya 0. Feda kuu inabaki chini.

Rivabu haisafishi sauti mbaya, inairefusha. Kama kuna mkwaruzo sasa, utausikia mara mbili baadaye.

## Hatua ya 5: Je, sauti inatoka kwenye miksa?

Kwenye chaneli ya 1 tafuta nobu ya AUX au FX inayopeleka sauti kwenye rivabu. Ifungue hadi katikati, sawa na saa sita juu. Kisha tafuta nobu kuu ya AUX hiyo upande wa kulia wa miksa, imeandikwa AUX SEND au FX SEND, na uiweke kwenye 0. Hii ya pili husahaulika sana. Watu hufungua za kwenye chaneli zote na kuacha kuu imefungwa.

Sasa ruka kifaa. Ile kebo inayoingia INPUT ya kifaa, ichomoe hapo na uichomeke kwenye tundu la LINE la chaneli isiyotumika, tuseme ya 8. Kabla ya kuichomeka, funga nobu zote za AUX na FX za chaneli ya 8 na ushushe feda yake. Bonyeza PFL ya chaneli ya 8 na uongee kwenye maiki.

Ukisikia sauti yako, miksa ni nzima na kebo ni nzima. Usiposikia, badilisha kebo kwanza. Bado kimya? Angalia umechomeka tundu gani. Kwenye miksa nyingi AUX SEND (kutoka) na AUX RETURN (kurudi) zimekaa jirani kwa maandishi madogo, na kwenye giza la nyuma ya madhabahu mtu huchomeka SEND kwenye RETURN bila kujua. Kosa jingine ni kutumia tundu la INSERT la chaneli. Hilo linataka kebo yake maalumu ya jeki moja ya stereo inayogawanyika kuwa mbili, na linahusu chaneli moja tu, kwa hiyo kwa rivabu ya kwaya nzima halifai.

Nobu ikiwa na vumbi sauti hukatikakatika unapoizungusha. Hilo ni la kawaida miezi ya kiangazi, hasa kwa miksa inayobebwa kwenda mikutano ya uwanjani. Zima miksa, puliza dawa kidogo kwenye shimo la nobu, izungushe mwanzo hadi mwisho mara 20, subiri ikauke kabla ya kuwasha.

## Hatua ya 6: Je, inaingia kwenye kifaa?

Rudisha kebo kwenye kifaa. Kama kina matundu mawili ya kuingilia na unatuma AUX moja, tumia lililoandikwa LEFT au MONO. Ukitumia la RIGHT peke yake, vifaa vingine havitachukua kitu, na vingine vitatoa upande mmoja.

Imba, tazama mita ya kifaa. Ongeza INPUT ya kifaa hadi taa nyekundu imulike kwenye noti ya juu kabisa, kisha irudishe kidogo mpaka isimulike tena. Taa za kijani zicheze muda wote wa kuimba.

Mita ikibaki chini kabisa hata INPUT ikiwa mwisho, geuza kifaa uangalie nyuma kama kuna swichi yenye +4 na -10. Tofauti ya viwango hivi viwili ni karibu desibeli 12. Swichi ikiwa +4 huku miksa inatuma sauti ndogo, kifaa husikia kwa mbali, nawe utafidia mbele kwa kuongeza RETURN na kuleta msasa. Ikiwa -10 na miksa inatuma sauti kubwa, taa nyekundu haizimi na mwangwi unakuja na makwaruzo.

Angalia pia kitufe cha BYPASS. Kwenye vifaa vingi kinapokuwa kimebonyezwa, sauti inapita kavu bila rivabu. Kwenye vingine kinakata sauti kabisa. Pedali ya mguu iliyochomekwa nyuma hufanya kazi ileile, na mtoto wa Sunday school akiikanyaga chini ya meza hakuna atakayejua. Ichomoe kama huitumii.

## Hatua ya 7: Je, inatoka, na inarudi?

Chomeka kebo OUTPUT LEFT au MONO ya kifaa, upande wa pili kwenye STEREO RETURN, tundu la L. Kwa spika mbili za mono zinazopiga kitu kimoja, kama ilivyo kwenye makanisa na kumbi nyingi, kebo moja inatosha. Kebo ya pili haitaongeza uzuri, itaongeza mahali pa kuharibika.

Fungua RETURN hadi 0. Kama miksa ina kitufe cha kupeleka RETURN kwenye MAIN au GROUP, kibonyeze. Sikiliza kwa hedifoni ukiwa umechagua MAIN; feda kuu ipandishe huku amplifaya ikiwa bado imezimwa.

Ukimya hapa, wakati mita ya kifaa inacheza vizuri, una sababu tatu za kukagua: OUTPUT ya kifaa imefungwa, kebo ya kurudi imekatika, au tundu la RETURN limelegea. Jaribu chaneli isiyotumika badala ya RETURN. Ikisikika huko, tundu ndilo bovu, na unaweza kuendelea na ibada kwa kutumia chaneli hiyo. Kuna hata faida: chaneli inakupa nobu za besi na trebo za kuipunguza rivabu. Lakini soma hatua ya 9 kabla ya kuwasha spika.

Umefaulu ukisikia: sauti yako kavu, na nyuma yake mwangwi laini unaoisha wenyewe. Piga kofi moja mbele ya maiki. Mwangwi ufe taratibu bila kurudi juu.

## Hatua ya 8: Mchanganyiko uwe asilimia 100

Kwenye kifaa kuna nobu ya MIX, au mahali penye DRY (kavu) na WET (mwangwi). Ikiwa kifaa kimeunganishwa kwa AUX, iweke mwisho upande wa WET, asilimia 100. Siyo 50, siyo 80.

Sauti kavu tayari inapita kwenye feda ya chaneli. Kifaa kikirudisha nyingine kavu, zinakutana mbili za aina moja, na ya kifaa imechelewa kidogo kwa sababu imebadilishwa kuwa dijitali na kurudishwa kuwa analogi. Ikichelewa milisekunde 2, mawimbi yanauana kwenye hezi 250, 750, 1250 na kuendelea. Sauti inakuwa ya pipa, na hakuna kiasi cha kuzungusha EQ (nobu za besi na trebo) kitakachoirudisha.

Kuna dalili ya pili ya kosa hili: ukiongeza rivabu, mwimbaji anakuwa mkubwa kwa sauti badala ya kuwa na mwangwi zaidi, na maiki inaanza kulia mapema.

Kujaribu ni rahisi. Shusha feda ya chaneli ya maiki, geuza kwa muda AUX iwe PRE (sauti ichukuliwe kabla ya feda) kama miksa ina kitufe hicho, na uongee. Kinachotakiwa kusikika ni mkia wa mwangwi tu, bila neno lililo kavu mbele yake. Ukisikia neno kavu, MIX haijafika mwisho. Rudisha kitufe kilipokuwa.

Adapta ikichomoka, baadhi ya vifaa hupoteza mpangilio huu na kurudi kwenye mchanganyiko wa kiwandani. Jenga tabia ya kukagua MIX kila umeme unapokatika.

## Hatua ya 9: Kata mzunguko wa ndani

Hili ndilo kosa linalowatesa wengi, na wengi hulaumu maiki bure.

Tuseme rivabu inarudi kwenye chaneli ya 11. Chaneli ya 11 nayo ina nobu ya FX. Nobu hiyo ikifunguliwa hata kidogo, rivabu inatumwa tena kwenye kifaa, inarudi chaneli ya 11, inatumwa tena. Ikifunguliwa kidogo, mwangwi unakuwa mrefu kuliko ulivyoupanga na una mlio wa chuma. Ikizidi, mluzi unapanda ghafla mpaka spika zipige makelele.

Kuutofautisha na mlio wa maiki: bonyeza MUTE za maiki zote. Mlio ukinyamaza mara moja, tatizo lilikuwa maiki na spika. Ukiendelea hata kama hakuna maiki iliyo wazi, ni mzunguko wa ndani.

Dawa yake ni nobu moja. Nobu ya FX ya chaneli inayopokea rivabu ifungwe kabisa, kisha ifunike kwa kipande cha tepu ya karatasi kilichoandikwa USIFUNGUE. Fanya hivyo kweli. Fundi wa ibada ya pili hajui ulichofanya ibada ya kwanza, naye akiona nobu zote za mstari huo zimesimama isipokuwa moja, atainyoosha ilingane na wenzake.

Kama unatumia STEREO RETURN, tafuta nobu iliyoandikwa TO AUX au RETURN TO MON. Ile inayokwenda kwenye AUX ya rivabu yenyewe ifungwe. Inayokwenda kwenye monita (spika za waimbaji kujisikia) inaruhusiwa, kwa kiasi.

Sasa washa amplifaya, pandisha feda kuu taratibu, na urudie lile kofi.

## Hatua ya 10: PRE au POST

Rivabu inataka POST, yaani sauti ichukuliwe baada ya feda. Ukishusha mwimbaji, mwangwi wake unashuka naye. Monita zinataka PRE, ili ukirekebisha sauti ya ukumbini waimbaji wasipotezewe sauti yao.

Kwenye miksa ndogo AUX 1 mara nyingi ni PRE na AUX 2 ni POST, au kuna kitufe. Aliyeunganisha rivabu kwenye AUX ya PRE atamshusha mhubiri mpaka chini na bado atamsikia akinong'ona kwa mwangwi kutoka mbali. Hamishia kebo kwenye AUX ya POST. Usijaribu kuishi nayo.

## Hatua ya 11: Ngurumo na msasa

Ngurumo nzito isiyobadilika, ya hezi 50 au 100, karibu kila mara inatokana na umeme. Miksa imechomekwa ukuta mmoja, kifaa ukuta mwingine, na athi zao zinakutana kupitia kebo ya sauti. Chomeka vyote viwili kwenye ekstensheni moja. Ikibaki, sogeza adapta mbali na kebo za sauti, angalau sentimita 30, na waya wa umeme ukilazimika kukatiza kebo ya sauti, ukatize kwa pembe ya msalaba badala ya kulala sambamba nayo. Ikibaki tena, weka kisanduku cha DI chenye transfoma kati ya kifaa na miksa, na ubonyeze swichi yake ya kuinua athi.

Onyo: usikate pini ya athi ya plagi, wala usitumie kiunganishi cha pini mbili kuiruka. Ngurumo itaondoka, lakini siku umeme ukivuja, njia yake itakuwa ni midomo ya mwimbaji aliyeshika maiki.

UPS za bei nafuu nazo huleta mlio mkali wa nyuki zinapokuwa kwenye betri. Mlio ukija umeme unapokatika na kuondoka unaporudi, sababu umeipata.

Msasa ni jambo la viwango. Unatuma kidogo na kupokea kingi. Rudi hatua ya 6, ongeza INPUT, kisha punguza RETURN.

## Hatua ya 12: Pima rivabu kulingana na jengo

Hapa ndipo kazi nzuri inapoharibika, kwa sababu programu iliyopendeza mahali pamoja huhamishiwa kila mahali.

Kanisa la bati, kuta za tofali, sakafu ya saruji. Jengo lina rivabu yake tayari, na likiwa tupu saa ya mazoezi inakuwa kubwa zaidi kuliko Jumapili, kwa sababu miili na nguo za watu hunyonya sauti. Chagua programu ya PLATE au ROOM, muda wa mwangwi sekunde 1.0 hadi 1.4, kucheleweshwa kwa mwanzo milisekunde 20 hadi 30. Punguza chini ya hezi 200 na juu ya kilohezi 6, kama kifaa kinaruhusu. Mwangwi wa besi ndio unaomeza maneno. Mvua ikianza kupiga bati, silika ni kuongeza kila kitu. Ongeza sauti kavu na upunguze rivabu.

Hema la send-off au ukumbi wenye mapazia. Hapa pakavu zaidi. Sekunde 1.5 hadi 1.8 inapendeza kwa waimbaji. MC asiwekewe kabisa.

Uwanja wa wazi, kama mkutano wa injili. Hakuna kuta za karibu, kwa hiyo rivabu inasikika wazi na inaweza kwenda hadi sekunde 2.0 au zaidi kidogo. Lakini sauti husafiri mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 20, na ukuta wa jukwaa la watazamaji ulio mita 85 mbele yako utairudisha baada ya karibu nusu sekunde. Eko hiyo ya uwanja huwezi kuizima kwenye miksa. Elekeza spika chini kwa watu, sauti isifike ukutani.

Kwa nyimbo, linganisha na mwendo. Mapigo 120 kwa dakika maana yake pigo moja ni nusu sekunde. Mwangwi wa sekunde 2 unafunika mapigo manne na ngoma zinakuwa ugali. Wimbo wa taratibu wa mapigo 70 unavumilia sekunde 1.7, ambayo ni kama mapigo mawili.

Kiasi: ongeza RETURN mpaka uisikie rivabu waziwazi, kisha ishushe mpaka uanze kujiuliza kama bado ipo. Izime, ukihisi pengo, kiasi ni sahihi. Tembea hadi benchi la mwisho ukasikilize huko pia, maana meza ya miksa mara nyingi iko pembeni au chini ya roshani, mahali pabaya kuliko pote kwa kuhukumu.

Besi gita, kiki ya ngoma na maiki ya mhubiri: FX imefungwa.

## Miksa yenye efekti za ndani

Hapa hakuna kebo, kwa hiyo kuna sehemu chache za kukagua. Nobu ya FX ya chaneli, feda ya FX RETURN, na kitufe cha ON au MUTE cha efekti. Kwenye baadhi ya miksa kitufe hiki kina taa, na taa nyekundu maana yake imezimwa, si imewashwa. Angalia pia tundu la FOOT SW (la pedali ya mguu).

Kuna mtego mmoja. Tundu la FX SEND la nyuma na efekti ya ndani mara nyingi hula kwenye AUX moja. Ukiunganisha kifaa cha nje bila kushusha FX RETURN ya ndani, rivabu mbili zinapiga kwa pamoja na sauti inakuwa ukungu. Chagua moja.

Programu pia zisomwe: orodha iliyochapwa kwenye miksa ina DELAY, CHORUS na PITCH karibu na rivabu, na namba ikisogea moja tu mwimbaji anageuka kuwa roboti mbele ya waumini.

## Miksa ya dijitali

Vituo ni vilevile, ila vimefichwa kwenye kurasa. Kwenye Behringer X32 yenye mpangilio wa kiwandani, basi (njia za ndani za sauti) ya 13 hadi 16 ndizo zinazopeleka kwenye efekti 1 hadi 4, na zinarudi kwenye feda zake zilizo kwenye ukurasa mwingine. Kagua kwa mpangilio: chaneli inatuma kwenye basi hiyo? Basi haijafungwa kwa MUTE GROUP (kitufe kinachonyamazisha njia nyingi pamoja)? Efekti iliyopakiwa ni rivabu kweli? Feda ya kurudi iko juu na imeelekezwa kwenye MAIN? Na chaneli ya kurudi isitume kwenye basi yake yenyewe. Hatua ya 9 haibadiliki hata kwenye skrini.

## Rivabu kwenye monita

Waimbaji wengi huiomba. Wape kidogo, na baada ya kila kitu kutulia, kwa sababu kila desibeli ya rivabu kwenye monita inapunguza nafasi uliyonayo kabla maiki haijaanza kulia. Anza na robo ya nobu. Maiki ikianza kunong'ona kwenye noti moja, punguza rivabu ya monita kabla ya kugusa EQ.

## Kikiwa kimekufa kweli

Ikiwa hatua ya 3 na ya 5 zimepita, hatua ya 6 mita haichezi hata kwa kebo nyingine, na adapta ni sahihi, kifaa kina tatizo la ndani. Usikifungue usiku wa kuamkia harusi. Chomoa kebo zake zote mbili, funga AUX kuu, na upige kavu; punguza kidogo trebo ya maiki na usogeze mwimbaji karibu nayo, sentimita 5 hadi 8, apate uzito.

Unapokipeleka kwa fundi, peleka na adapta yake, na mwandikie kwenye tepu: mita inacheza au haichezi, kioo kinawaka au hakiwaki, kiliharibika umeme uliporudi au kilififia polepole. Kioo kinachowaka na mita inayocheza huku hakuna kinachotoka humwelekeza fundi kwenye sehemu ya kutolea sauti. Kioo kinachofifia humpeleka moja kwa moja kwenye kapasita za umeme.